MAISHA YA ANTONI VAN LEEUWENHOEK, ALIYEUACHA MJI MKUBWA

Mwaka nenda mwaka rudi katika jarida hili tumesomeana maisha ya Shaaban Robert, ya Mekatilili wa Menza na ya Fumo Liyongo, na ni haki yao. Mimi safari hii nakuletea mtu wa mbali, Mholanzi, tena mwenye jina la kuvunja ulimi: Antoni van Leeuwenhoek. Jina hilo lisikukatishe tamaa. Litamke Leivenhuk, utakuwa umekaribia. Maana yake ni Kona ya Simba, kwa sababu nyumba ya wazazi wake ilikuwa penye kona, karibu na lango la mji lililoitwa Lango la Simba.

Nilimjua kwanza maabarani nikiwa kidato cha kwanza. Hadubini ilikuwa moja na sisi tulikuwa arobaini na kitu, basi kila mtu aliruhusiwa kuichungulia ile ngozi ya kitunguu kwa muda wa kuhesabu moja hadi kumi, halafu ampishe mwenzake. Mwalimu akaandika ubaoni jina la mtu aliyeviona vijidudu kabla ya watu wote duniani. Tukalicheka jina, tukalinakili, tukalisahau.

Mwaka huu nimemrudia kwa sababu nyingine kabisa. Mjomba wangu ana kibanda cha nguo huko Gikomba, Nairobi. Anasema nikimaliza kidato cha nne niende nikamshikie daftari, kwa kuwa hesabu naziweza, na kwamba hapa Machakos hakuna maisha. Mama hajasema ndiyo wala la. Anasema mwenye kuamua ni mimi, na hilo limenilemea kuliko kama angekataa. Sasa katika kusomasoma maktabani nikakuta kwamba huyu Leeuwenhoek naye alipelekwa mji mkubwa akiwa na miaka 16, umri wangu huu huu, kwenye duka la vitambaa, na kazi yake ikawa ni kushika daftari. Baada ya miaka sita hivi akarudi kwao. Nikaketi nikamfuatilia tangu kuzaliwa hadi kufa kwake.

Alizaliwa mjini Delft, Uholanzi, tarehe 24 Oktoba 1632. Delft ulikuwa mji wa mifereji ya maji, wa viwanda vya bia, na wa vyombo vya udongo vilivyopakwa rangi nyeupe na samawati, ambavyo mpaka leo vinauzwa kwa jina la mji huo. Wakazi wake walikuwa kama 25,000 hivi. Babake, Philips, alikuwa msusi wa vikapu vya kufungia bidhaa. Mamake alitoka katika ukoo wa watengenezaji wa bia. Baba alifariki mwaka 1638, Antoni akiwa na miaka mitano tu. Mama akaolewa tena na mchoraji mmoja, naye Antoni akapelekwa shule katika kijiji cha Warmond, kisha akakaa kwa jamaa yake mwanasheria huko Benthuizen. Chuo kikuu cha Leiden kilikuwa pua na mdomo na huko, lakini hakuingia. Hakufundishwa Kilatini, na enzi hizo Ulaya mtu asiyejua Kilatini alikuwa kama asiyejua kusoma mbele ya mabwana wa elimu. Tafadhali lishike jambo hilo, nitalirudia.

Mwaka 1648 baba yake wa kambo naye akafariki. Mwaka huo huo mama akamtuma Antoni Amsterdam.

Kutoka Delft hadi Amsterdam ni kama kilomita 60, yaani sawa na kutoka hapa Machakos hadi Nairobi. Watu walisafiri kwa mashua zilizokokotwa na farasi waliokuwa wakitembea ukingoni mwa mfereji. Amsterdam wakati huo ilikuwa na watu zaidi ya 150,000. Ilikuwa na benki, ilikuwa na soko la hisa, na bandari yake ilijaa meli zilizoleta nafaka kutoka Baltiki, sukari kutoka Amerika na pilipili manga kutoka Mashariki ya mbali. Aliyetaka fedha alikwenda Amsterdam, hapakuwa na mjadala. Kijana wetu aliingia kwa tajiri Mskoti aitwaye William Davidson, mwuza vitambaa, akajifunza kazi, akapanda hadi kuwa karani wa hesabu na mshika fedha. Hebu fikiria, mtoto wa msusi wa vikapu anakabidhiwa fedha za tajiri kabla hajatimiza miaka 22! Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba alirudi kwao kwa kushindwa. Alikuwa amekwisha kushinda.

Hata hivyo mwaka 1654 alirudi Delft. Mwezi wa Julai akamwoa Barbara de Mey, binti wa mfanyabiashara wa vitambaa, akanunua nyumba katika mtaa wa Hippolytusbuurt, nyumba iliyoitwa Kichwa cha Dhahabu, akafungua duka la vitambaa, vifungo na riboni. Mjini Amsterdam angebaki mtu wa tajiri fulani kwa miaka mingi. Kwao alikuwa mwenye duka lake siku ya kwanza. Mimi naona hesabu yake ilikuwa hiyo.

Lakini mji wenyewe karibu umtupe mkono. Tarehe 12 Oktoba 1654, miezi michache tu baada ya harusi, ghala la baruti la Delft lililipuka. Sehemu kubwa ya mji ikawa kifusi, watu zaidi ya mia wakafa, akiwemo mchoraji hodari Carel Fabritius. Hapo mtu mwingine angefunga virago na kurudi Amsterdam kwa mashua ya kwanza, na nani angemlaumu? Yeye alibaki. Duka likaendelea.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Barbara alimzalia watoto watano na wanne wakafa wachanga. Akabaki Maria peke yake, aliyezaliwa mwaka 1656. Barbara mwenyewe akafariki mwaka 1666. Mwaka 1671 Antoni akamwoa Cornelia Swalmius. Nataja vifo hivi kwa sababu vitanirudia akilini baadaye, tukifika penye vijidudu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vitabu vingi vya biolojia hulipita mbio. Mwaka 1660 baraza la mji wa Delft lilimpa Antoni kazi ya kutunza chumba cha waamuzi wa mji. Kazi gani hiyo? Kufungua chumba waamuzi wanapokutana, kukifunga wakiondoka, kuhakikisha kimefagiwa, kuwasha moto wakati wa baridi, na kutotoa nje siri alizozisikia. Yaani nusu tarishi, nusu bawabu! Nilipoisoma habari hii kwa mara ya kwanza nilimwonea aibu. Mtu aliyeshika fedha za tajiri wa Amsterdam sasa anawasha moto wa wazee wa mji? Baadaye nikaelewa. Mshahara ulikuwa wa uhakika mwaka hadi mwaka, na kazi yenyewe ilimwachia saa nyingi za siku. Aliishika kwa karibu miaka 40. Mji ukamwongezea nyingine: mwaka 1669 alifaulu mtihani wa upimaji ardhi, na mwaka 1679 akawa mpimaji rasmi wa mapipa ya mvinyo. Katika mji mdogo mtu mmoja aliyeaminika alipewa kofia tatu. Na zile saa zilizobaki, jamani, ndizo zilizobadilisha elimu ya dunia.

Wauza vitambaa walikuwa na desturi ya kuhesabu nyuzi za kitambaa kwa kioo cha kukuza, ili wajue ni kizuri au ni cha kudanganyia watu. Antoni alianza hapo. Kisha akajifundisha kutengeneza lenzi zake mwenyewe, ndogo kuliko punje ya mtama. Lenzi moja aliibana katikati ya vibati viwili vya shaba au fedha vyenye kitundu. Nyuma yake akaweka pini ya kuchomekea kitu cha kutazamwa, na skrubu za kukisogeza. Chombo chote kinaenea kiganjani. Unakishika karibu kabisa na jicho, unaelekea kwenye mwanga, unatazama. Hakifanani hata kidogo na hadubini yetu ya maabarani yenye shingo ndefu. Lakini mojawapo ya vile vilivyosalia hukuza kitu mara 270 hivi, na hadubini kubwa za mabwana wa wakati wake hazikufikia hapo kwa uwazi. Alipopata kitu kizuri mara nyingi alikiacha palepale kwenye pini na kutengeneza chombo kingine, ndiyo maana alitengeneza lenzi zaidi ya 500 maishani mwake.

Je, angejulikanaje nje ya Delft? Hapa udogo wa mji ulimfaa. Mjini humo aliishi daktari kijana, Reinier de Graaf, msomi wa Kilatini, aliyejulikana na Chama cha Kifalme cha wanasayansi huko London. Katika mji wa watu 25,000 daktari na mwuza vitambaa hawakosi kujuana. Mwaka 1673 de Graaf akaandika London kuwaeleza habari za mtu wa kwao anayetengeneza hadubini za ajabu, na barua ya kwanza ya Antoni ikachapishwa na Chama mwaka huo huo. Mambo aliyoyaeleza yalikuwa ya kawaida tu: kuvu, mwiba wa nyuki, chawa. De Graaf akafariki mwezi wa Agosti mwaka ule ule akiwa na miaka 32. Kama Antoni angerudi Delft mwaka mmoja tu baada ya hapo, daraja hilo asingelikuta.

Tangu hapo akaandika barua London kwa miaka 50, karibu 190 kwa jumla. Aliandika kwa Kiholanzi, kama anavyoongea na jirani, bila madoido, na wenyewe wakahangaika kutafuta wa kuzitafsiri. Ninaomba nisimame hapa kidogo. Sisi wa Chama cha Kiswahili tumezoea kuulizwa eti sayansi mtaiandikaje kwa Kiswahili. Huyu hapa mtu aliyefungua mlango wa bakteria akiandika kwa lugha ya sokoni kwao. Naendelea.

Mwaka 1674 alikwenda kwenye ziwa moja liitwalo Berkelse Mere, mwendo wa saa mbili hivi kutoka Delft. Kila majira ya joto maji yake yalichafuka na kufanya mawingu ya kijani, na watu wa shamba walisema ni umande. Yeye akachota kidogo katika chupa, kesho yake akayatazama. Akaona nyuzi za kijani zilizojipinda kama nyoka, na kati yake viumbe vidogo vikiogelea, vingine vyeupe, vingine kijani, vikigeuka haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata. Hakuna mtu aliyewahi kuandika habari za viumbe hao. Wakati huo huo alikuwa akieleza chembe nyekundu za damu.

Kisha ikaja pilipili manga. Alitaka kujua kwa nini pilipili huwasha. Akadhani labda ina vijisindano vidogo vinavyochoma ulimi! Basi akairoweka katika maji kwa majuma matatu hivi, na mwaka 1676 alipoyatazama maji akasahau hata sindano, kwa sababu yalikuwa yanachemka kwa viumbe vidogo kupita vyote alivyowahi kuona. Hivyo sasa tunajua vilikuwa bakteria. Alivipima kwa kuvilinganisha na vitu ambavyo kila mtu anavijua: unywele, punje ya mchanga, jicho la chawa. Akaandika barua ndefu ya tarehe 9 Oktoba 1676 kwenda London.

London hawakuamini. Na wangeaminije? Mtu asiye na shahada, asiyejua Kilatini, kutoka mji ambao wengi wao hawajautia mguu, anasema tone moja la maji lina viumbe maelfu kwa maelfu. Walipojaribu wenyewe mara ya kwanza hawakuona kitu. Ndipo Antoni alipofanya jambo ambalo mimi ningelifanya hapa hapa Machakos kama ningeshtakiwa uongo: aliita mashahidi. Mwaka 1677 watu wanane wenye heshima zao, wakiwemo wachungaji wa kanisa na mwandishi wa hati za kisheria, wengine wa Delft na wengine wa miji ya jirani, walichungulia na kutoa hati kwamba wameviona viumbe kwa macho yao. Mtu aliyekaa mahali pamoja miaka zaidi ya ishirini, aliyefungua na kufunga chumba cha waamuzi kila wiki, hakosi watu wa kumsimamia. Mwezi wa Novemba mwaka huo Robert Hooke naye, mjini London, akafaulu kuviona mbele ya wanachama wenzake. Ubishi ukaisha. Mwaka 1680 Antoni akachaguliwa kuwa mwanachama wa Chama cha Kifalme. Hakwenda London hata kutia sahihi.

Usidhani kwamba nyumbani kila mtu alimshangilia. Walikuwako waliosema kwamba hizo habari za wanyama wadogo ni hadithi za paukwa pakawa. Alilalamika juu ya maneno hayo katika barua zake. Lakini aliendelea kutazama chochote kilichokuwa karibu: mbegu za kiume mwaka 1677, viluwiluwi na mkunga ambamo aliona damu ikipita katika mishipa myembamba sana mwaka 1688, hata na ukoga wa meno. Hili la ukoga lazima nilieleze. Yeye alikuwa akisugua meno kwa chumvi kila asubuhi, na bado mwaka 1683 alipokwangua ukoga wake mwenyewe akakuta viumbe tele vikicheza. Akatafuta mzee mmoja ambaye hajawahi kuosha meno tangu azaliwe. Unaweza kukisia alichokiona! Baadaye, mwaka 1692, alishangaa kukuta kwamba kwenye meno ya mbele hakuna kilicho hai, akatambua kuwa ni kahawa ya moto aliyokuwa akiinywa.

Nikisoma hapo nawakumbuka wale watoto wanne. Aliviona vijidudu kwa macho, lakini yeye wala mtu yeyote wa wakati wake hakujua kuthibitisha kwamba vingine ndivyo viuavyo watoto. Ilipita miaka karibu 200 mpaka Louis Pasteur na Robert Koch walipolionyesha jambo hilo.

Sasa kuna habari nyingine ambayo nisingekuwa mwaminifu nikiificha. Katika mji ule ule wa Delft, mwaka ule ule wa 1632, mwezi ule ule wa Oktoba, alibatizwa mtoto mwingine, Johannes Vermeer. Yeye alikuwa mchoraji. Naye pia alibaki Delft maisha yake yote, ingawa Amsterdam ndiko kulikokuwa na wanunuzi wengi wa picha. Leo picha zake hazinunuliki kwa bei. Lakini vita vya mwaka 1672, Wafaransa walipovamia Uholanzi, viliua soko la picha, na Vermeer akafariki Desemba 1675 akiwa na madeni, ameacha mke na kundi la watoto. Mwaka 1676 baraza la mji likamteua mtu wa kusimamia mali ya marehemu na madeni yake. Unajua walimteua nani? Antoni van Leeuwenhoek, mtunza chumba. Wahenga husema mcheza kwao hutunzwa. Hawa wawili walicheza kwao wote wawili, mmoja akatunzwa na mwenzake akafa anadaiwa. Tofauti ninayoiona ni kwamba Vermeer aliutegemea mkono wake wa picha kumlisha, na mnunuzi akiondoka, chakula kimeondoka. Antoni hakuuza hata lenzi moja. Chakula chake kilitoka kwenye ule moto aliouwasha kwa ajili ya waamuzi.

Wakubwa walianza kumjia wenyewe. Mwaka 1698 Petro Mkuu, mfalme wa Urusi, aliyekuwa amekuja Uholanzi kujifunza kuunda meli, alipita Delft kwa mashua kwenye mfereji, akamwita Antoni aje na vyombo vyake. Wakakaa kama saa mbili. Antoni akamwonyesha damu ikitembea katika mkia wa mkunga, na mfalme, ambaye Kiholanzi alikiweza, hakuhitaji mkalimani. Mwaka 1716 chuo kikuu cha Leuven kikamtumia nishani ya fedha, yeye ambaye chuo hakukijua ndani.

Lakini kukaa kwao peke yake kulikuwa na gharama, na gharama hiyo tuliilipa sisi. Antoni hakumfundisha mtu. Wageni aliwaonyesha hadubini zake za kawaida, na zile bora kabisa akaziweka kwa ajili yake. Jinsi alivyotengeneza lenzi aliifanya siri. Msomi mkuu wa Ujerumani, Leibniz, alimshauri afundishe vijana, akakataa, akidai kwamba wanafunzi wengi hutafuta fedha au sifa, na kwamba katika elfu moja hapatikani mmoja anayefaa. Kama kijana wa miaka 16 ninamkatalia. Angejaribu hao elfu kwanza! Alipokufa, kazi ya kutazama vijidudu ilizorota kwa muda mrefu kwa kukosa aliyeweza kuifanya kama yeye.

Na kichekesho ni hiki. Mwaka 2021 wataalamu wa huko huko Uholanzi walitoa habari kwamba wamepenyeza miali ya nyutroni ndani ya hadubini zake bila kuzifungua. Wakakuta kwamba lenzi ya ile yenye nguvu sana ni tone la kioo kilichoyeyushwa motoni, kwa njia inayofanana na ile ambayo Robert Hooke alikuwa ameichapisha London, wazi kwa kila msomaji, tangu mwaka 1665. Kumbe siri iliyolindwa kwa miaka 50 ilikuwa imeandikwa kitabuni! Tena kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuijua.

Alizeeka katika nyumba ile ile. Cornelia alifariki mwaka 1694, akabaki na Maria, ambaye hakuolewa. Huyu Maria vitabu humpa mistari miwili, lakini mimi nadhani bila yeye zile barua zisingefika 190. Mtu anayekesha na mkia wa mkunga lazima kuwe na anayempikia.

Mwaka 1723, akiwa na miaka 90, alishikwa na ugonjwa uliofanya kiwambo kati ya kifua na tumbo kitetemeke na kumkata pumzi. Madaktari walidhani ni moyo. Yeye akakataa, akatazama viwambo vya kondoo na ng'ombe kwa hadubini, akaeleza ugonjwa wake katika barua, na ugonjwa huo mpaka leo huitwa kwa jina lake. Akiwa kitandani hajiwezi, alimwita rafiki yake daktari akamwomba atafsiri barua mbili kwa Kilatini na kuzituma London. Alifariki tarehe 26 Agosti 1723. Akazikwa katika Kanisa Kuu Kuu la Delft, hatua chache kutoka dukani kwake. Ndimo pia alimozikwa Vermeer. Maria akamjengea mnara wa kumbukumbu humo kanisani mwaka 1739, na baada ya Maria kufariki mwaka 1745 hadubini zilipigwa mnada. Kati ya mamia hayo, zilizobaki ni kama kumi na kitu.

Mjomba atakuja likizo ya Desemba kutaka jibu. Sijamwandalia jibu, nimemwandalia swali. Nitamwuliza kibanda cha Gikomba hufungwa saa ngapi jioni.